Siku ya 22

"Taja athari tatu za Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya."

Binti wa kaka yangu alinisomea swali hilo jana usiku huku anatafuna kifuniko cha kalamu, kisha akanikazia macho. "Shangazi, si wewe ulisoma huko?"

Nusura nimwambie andika ya kwanza: shangazi yangu alipata viza. Nikamwambia angoje kwanza, chai inachemka.

Wa nyumbani Bombo, Uganda, mnaukumbuka mwaka ule wa 2016, tulivyohangaika. Ada chuo kilinisamehe. Zilizobaki ni pesa za kujikimu ambazo viza ilitaka nionyeshe: pauni 1,015 kwa mwezi kwa miezi 9, jumla 9,135. Hapo ni kwa sababu chuo kilikuwa nje ya London. Wa London walidaiwa zaidi. Na haitoshi kuwa nazo. Zilale katika akaunti siku 28 mfululizo, na zikishuka chini ya kiwango hata siku moja, umeanza upya. Akaunti ya mzazi inakubalika, ukileta cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Pauni wakati ule ilikuwa inakaribia shilingi 5,000 za Uganda. Piga hesabu mwenyewe.

Mzee alikuwa na milioni 17, kiinua mgongo cha jeshini. Nyingine zote tuliazima. Mama alitoa za chama chao cha kina mama. Mjomba alitoa 15 alizotengea lori, akasema wazi kwamba tarehe 1 Julai anazitaka, zina kazi. Shangazi wa Arua alituma milioni 2 za mihogo na vikapu, yeye hata hakutaja tarehe ya kurudishiwa. Tarehe 30 Mei akaunti ya Mzee ilisoma milioni 47. Sijui kama utauita huo uongo au ukoo. Kwenye fomu sikuona mahali pa kuandika pesa hizi ni za nani hasa, na mimi sikutafuta sana.

Ukutani nilibandika karatasi yenye vyumba 28. Kila jioni nilikata kimoja kwa kalamu nyekundu.

Jumapili ya tarehe 19 Juni, usiku, simu ikatoka Arua. Shangazi hakuinuka katika sala ya tarawehe. Alikuwa ameinama pale pale kwenye mkeka. Jumatatu benki inafunguliwa, Mzee yuko mlangoni. Akatoa milioni 4: kosta ya kuwapeleka watu wetu, mchele, sukari, sanda, na mambo ya matanga. Mimi nilijua aliporudi, noti ziko kwenye bahasha ya kaki chini ya kwapa. Siku ya 22.

Nilimwambia. Nakumbuka sauti yangu, nyembamba kama ya mtoto anayeshtaki. "Baba, bado siku sita tu."

Mzee hakupandisha sauti. Aliongea kile Kiswahili chake cha kambini, kila neno limesimama wima. "Mtu amekufa, wewe unanihesabia siku? Katika hizi, mbili ni zake. Unataka tumzike kwa deni, pesa zake zimelala benki?"

Kosta iliondoka saa tano asubuhi. Mimi sikupanda. Nilisema kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinauma, lakini kwa hesabu. Walipokuwa wanavuka Nile pale Karuma, mimi nilikuwa sakafuni na kikokotoo. Milioni 43 zilizobaki kwa 45 na nusu zinazotakiwa. Kila nikirudia, jibu lile lile, kana kwamba kikokotoo kinanikomoa. Kuanza upya haikuwezekana kwa sababu ya lori la mjomba. Shangazi alizikwa Jumanne asubuhi, mimi siko.

Walirudi Alhamisi. Ijumaa baada ya daku nilibaki kitandani na redio sikioni, BBC ya Kiswahili, si kwa kutaka habari, kwa kutaka sauti ya mtu yeyote ambaye hatanipa pole. Wakawa wanazungumzia kura ya Waingereza. Baada ya saa kumi na mbili na nusu ikaonekana wazi kwamba wamekubali kutoka. Sikujali. Kisha mtangazaji akasema pauni imeporomoka, chini ya mahali ilipowahi kufika tangu mwaka 1985. Nikaketi.

Mwongozo wa viza nilikuwa nimeusoma mpaka kurasa zimelegea. Ulisema pesa za kigeni zinageuzwa kwa kiwango cha tovuti ya OANDA cha siku unayowasilisha maombi. Cha siku ya maombi, si cha siku ile pesa zilipoingia.

Taksi kutoka Bombo, Matugga, Kawempe, foleni ya Bwaise kama kawaida yake, Wandegeya, mjini. Nilisimama mbele ya foreksi moja, duka la kubadilishia fedha, Kampala Road. Ilikuwa na ubao mweupe wa kuandika kwa kalamu ya wino, bendera ndogo kando ya kila sarafu. Dola ina namba. Yuro ina namba. Mstari wa pauni ulikuwa umefutwa, umebaki ukungu wa wino wa bluu na bendera yake.

"Pauni vipi?" nikauliza.

"Subiri," kijana akasema, simu iko begani. "Leo hata mimi siijui."

Nikasubiri. Midomo imekauka kwa swaumu. Mwanamume mmoja aliyevaa suti alikuja na bahasha ya pauni, akatazama ule mstari mtupu, akairudisha bahasha mfukoni taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa. Yule kijana alishuka kwenye kiti, akafungua kifuniko cha kalamu kwa meno, akaandika 4, akasita, akasikiliza simu, akaandika 7. Akafuta 7 kwa kidole gumba. Akaandika 6. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha dirisha, nazidisha kichwani: 4,600 mara 9,135, ni milioni 42 na kidogo. Sisi tulikuwa na 43.

Nilicheka kwa sauti, mwezi wa Ramadhani, katikati ya barabara, siku ya tano tangu Shangazi afariki. Kijana yule aliniangalia, akadhani nataka kununua pauni.

Yaliyofuata hayana hadithi. Tarehe 1 Julai mjomba alichukua zake. Kisha picha ya mapafu ya kupima kifua kikuu, alama za vidole, benki kugonga mhuri kila ukurasa. Katikati ya Julai, nilipowasilisha maombi, pauni ilikuwa imeteremka zaidi. Mstari wa tarehe 20 Juni, milioni 4 zimetoka, ulikuwepo katikati ya ukurasa wa pili, na hakuna aliyeniuliza ni za nini. Agosti viza ikatoka.

Ila ile Ijumaa niliwahi nyumbani kabla ya futari. Mzee alikuwa kwenye jamvi, tende iko mkononi, anangoja adhana. Nikamwelezea yote mbio mbio, kura, pauni, ubao, kidole gumba cha yule kijana. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha: "Mume wa shangazi yako umeshampigia kumpa pole?"

Nilikuwa sijampigia. Nilimpigia usiku ule, na hadi leo sikumbuki tulisema nini. Za soko la mihogo tulimrudishia yeye mwaka uliofuata, nikiwa huko huko, kwa mshahara wa kuosha vyombo.

Chai ilipokuwa tayari, mtoto bado amekaa na daftari lake, namba moja, mbili, tatu, zote wazi.

"Andika pauni ilishuka," nikamwambia.

Akaandika. "Mbili zilizobaki?"

Nikamwambia hizo akaulize shuleni.