Mgeni wa Bibi chini ya tenga

Mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokwisha kukatakata barabara, nilipelekwa Pangani kukaa kwa Bibi, mama yake baba. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili tu, lakini nyuma yake kulikuwa na bustani ambayo mtoto wa mjini kama mimi niliiona msitu: mipapai, migomba, mstafeli, na mwembe mmoja mkubwa uliofunika nusu ya uwanja.

Usiku wa kwanza nilisikia mtoto mchanga akilia juu ya mwembe. Kilio kilianza kwa nguvu, kikashuka kidogo kidogo hadi kikawa kama kwikwi, kisha kimya. Nikajivuta hadi mgongoni mwa Bibi.

"Lala, mume wangu," akasema. Pwani bibi na mjukuu wake wa kiume wana utani huo. "Ni komba huyo. Anadai kodi yake."

Kodi yenyewe ilikuwa mapapai. Asubuhi tulikuta lililoiva vizuri kuliko yote limetobolewa ubavuni na kukombwa ndani, mbegu zinaning'inia. Bibi alikuwa akilitazama, anaguna, anaenda zake kuwasha moto. Aliyeumia zaidi ni baba mdogo. Alifuga kuku wa kienyeji, na mayai yalikuwa yakipungua. Alikata waya za breki za baiskeli, akatengeneza vitanzi, akavitega kwenye matawi ya mwembe. Bibi hakumkataza. Hakumsifu pia.

Mpakani mwa uwanja wetu kulikuwa na mnazi wa jirani ulioinama ukaja upande wetu. Mgema aliupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni, analichonga karara kipande chembamba kama karatasi ili utomvu uendelee kudondoka kwenye kibuyu. Ukilipata tembo, yaani huo utomvu wa mnazi, likiwa bichi ni tamu kama maji ya sukari, mtoto anaweza kunywa. Lililokaa kibuyuni usiku kucha linakuwa limekwisha chacha, na kufika mchana linauma ulimi. Bibi hakuwahi kulionja maishani mwake. Akipita chini ya mnazi ule alikuwa akiziba pua kwa upindo wa kanga.

Asubuhi moja, kabla hata ya chai, tulisikia mgema anapiga kelele kule juu: "Kashakunywa! Kashakunywa tena, mwanaharamu huyu!"

Nilitoka mbio. Chini ya mnazi, upande wetu, juu ya makuti makavu, alilala komba. Sikuwahi kumwona mchana. Nilitegemea kitu cha kutisha, nikakuta mnyama wa kadiri ya paka mdogo, manyoya ya kahawia, mkia mrefu kuliko mwili wake. Alijaribu kusimama, akaenda upande, akaukumbatia mpapai uliokuwa karibu, akabaki hapo hapo kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Alinuka kilabu.

Mbwa wawili wa jirani wakatokea. Nyuma yao baba mdogo, na mchi mkononi.

"Mume wangu, tenga!" Bibi alipaza sauti kutoka jikoni.

Nilivuta tenga la kuku, nikamfunika, nikalikalia. Bibi akaja akasimama mbele yangu, kanga kaifunga kibwebwe.

"Mama, huyu ndiye anayekula mayai yetu," alisema baba mdogo.

"Namjua. Lakini sasa hivi amelewa. Mlevi akikuangukia uani humpigi. Unamsitiri mpaka azinduke, ndipo mgombane."

Mgema alikuwa ameshashuka. "Shikamoo, bi mkubwa. Amenimalizia chupa mbili nzima, ujue."

"Marahaba, baba. Na wewe uliyemlewesha mgeni wangu, nikudai nini?"

Baba mdogo akacheka, mchi ukashuka. Mgema naye akacheka, ingawa si sana.

Siku ile sikutoka uwanjani. Nililala kifudifudi kando ya tenga nikachungulia kwenye matundu. Komba alilala hadi alasiri, amejikunja, mkia umefunika uso. Vidole vyake vilinishangaza: vilikuwa vya mtu. Vina ncha pana, bapa, na kucha kama zangu, isipokuwa kidole kimoja cha mguu kilichokuwa na ukucha mrefu wa kujikunia. Masikio yalikuwa membamba, na hata usingizini moja lilikunjwa huku jingine limesimama, kama mtu anayesinzia msibani lakini bado anasikiliza nani kaingia. Alipoamka, macho makubwa ya rangi ya chai kavu yakanitazama bila kupepesa. Kisha akakojolea kiganja chake, akajipaka kwenye wayo wa mguu.

Nilikimbia kumwambia Bibi. "Mlevi ni mlevi," alisema, hakuacha kukuna nazi. Nilikuja kusoma ukubwani kwamba komba ndivyo walivyo hata wasipolewa, na wapo wanaosema mkojo ule huwasaidia kushika matawi na kuacha harufu yao njiani. Bibi nilikuwa nimechelewa kumweleza.

Nikamchomekea ndizi kwenye tundu. Ndizi aliiacha, akaniuma kidole. Bibi alikiosha kwa sabuni na maji mengi, akakifunga kitambaa. "Ndizo shukrani za mlevi," akasema. Siku hizi ningepelekwa zahanati mbio nikachomwe sindano za kichaa cha mbwa, na ndiyo haki. Siku ile nilipewa chai ya mchaichai.

Baada ya kusali magharibi Bibi alituma mtu kwa jirani mbwa wafungwe. Akalinyanyua tenga mwenyewe. Komba hakukimbia. Alikaa, akageuza kichwa huku na huku, akajikuna shavu kwa ule ukucha mrefu. Kisha akaruka mara moja tu, nikamwona juu ya mpapai, na mara ya pili hakuonekana tena. Tawi la mwembe likatikisika.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na tochi. Hakusema kitu. Aliichomeka kinywani, akapanda mwembe. Alishuka na vitanzi vyake vyote, vinne. Kimoja kilikuwa na manyoya. Alikitazama muda mrefu kidogo, akaenda kuvitupa chooni.

Kesho yake mgema alifunga mdomo wa kibuyu kwa kipande cha gunia na miiba ya mlimau. Baba mdogo akapiga mbao mlango wa banda la kuku, mimi nikimshikia misumari. Na papai la mti wa mwisho, ule wa karibu na mwembe, Bibi alikataa lisichumwe. "La mgeni," alisema. Liliiva likawa la dhahabu, na asubuhi moja tukalikuta limeliwa nusu. Nusu iliyobaki aliikatakata akawamwagia kuku.