Dawa hazijamkataa, kinga ndo imeamka

Huku Mtwara mtu akianza ARV, zile dawa za virusi vya UKIMWI, halafu wiki chache mbele akapata homa na matezi yakamtoka shingoni, mtaa mzima ushatoa hukumu: dawa zimemkataa. Wengi wanaacha hapo, tena kimyakimya, yani hata CTC, kliniki wanakochukulia dawa, hawajui mpaka tarehe ya kadi imepita.

Shemeji yangu ilimkuta hiyohiyo msimu wa korosho. Alianza dozi CD4, yani hesabu ya seli za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 100, na mtu mzima mwenye afya anakuwa na kama 500 mpaka 1500 hivi, kwa hiyo alikuwa kabakiwa na askari wa kuhesabu. Mwanzoni akapata nguvu, anakula, mara paap, homa za jioni, tezi la upande mmoja likavimba mpaka kola ya shati haifungi. Wakalichoma sindano wakavuta usaha, kupima ni TB. Sasa mama mkwe akawa anasema TB wamempa hukohuko hospitali, jamani!

Ilikuwepo siku zote. Ila kinga ilikuwa hoi, haina hata nguvu ya kuleta homa. Dawa zikishusha virusi, na vinashuka haraka kweli, seli zinarudi kazini zinakuta wadudu wa TB wamejazana, zinawavamia kwa fujo, na hiyo fujo ndo homa, ndo uvimbe. Wataalamu wanaiita IRIS, na mara nyingi inatokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo kwa walioanza dozi wakiwa wamechelewa.

Mara nyingi ARV hazisimamishwi. Unatibiwa TB, na daktari akiona uvimbe umezidi anaweza kukupa prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe. Shemeji akaongezewa na kidonge cha dolutegravir 50 mg peke yake usiku, masaa 12 baada ya TLD ya asubuhi, kile kidonge cha ARV chenye dolutegravir ndani yake, maana rifampicin ya TB inaipunguza dolutegravir mwilini. Yeye alidhani wamekosea dozi lol.

Ila sio kila homa ni hiyo, inaweza kuwa malaria tu au mzio, kwa hiyo usijipimie mwenyewe nyumbani. Na kama kichwa kinauma hakiachii, unatapika, shingo imekaza, achana na tarehe ya kwenye kadi, nenda leoleo, maana fangasi na TB za kwenye ubongo ndo mahali ambapo hata madaktari wenyewe wanachelewesha kuanza ARV kwa wiki kadhaa, wanaogopa hiyohiyo fujo itokee ndani ya kichwa.