Sato mgongo umepinda? Anza na stoo ya chakula

Ukivua sato kadhaa wenye mgongo uliopinda, damu imevilia kwenye shina la mapezi na vidonda havifungi, usikimbilie duka la dawa; huenda chakula chao hakina vitamini C. Samaki wengi, kama binadamu, hawawezi kujitengenezea vitamini C, wasipoila hawana. Kambale akiikosa, fuvu lake hupasuka. (Sato waliopinda wakiwa wachache tu, tena tangu vifaranga, huenda ni watoto wa ndugu waliozaliana, na hapo chakula hakina kosa.)

Bwawani kwenye maji ya kijani upungufu huu hujificha, maana sato hujazia kwa mwani. Kwenye kizimba au tangi hana pa kujazia, anategemea unachomwagia tu.

Wengi wanaojitengenezea chakula hupoteza vitamini hii kwa mikono yao. Unga wa dagaa, soya, pumba na mashudu hukandwa kwa maji ya moto, hupitishwa kwenye mashine ya kusagia nyama, kisha huanikwa juani. Joto, unyevu na hewa ndivyo vinavyoiua vitamini C ya kawaida, kwa hiyo uliyoitia kwenye donge imeshakwisha kabla tambi hazijakauka. Itie mwishoni. Kwa kilo 10 za chakula kilichokwisha kukauka, yeyusha gramu 2 za vitamini C katika mililita 200 za maji safi, nyunyizia huku ukigeuza, kausha kivulini, halafu paka mililita 100 za mafuta ya kula ili isiyeyukie majini kabla ya kuliwa. Kilishe ndani ya siku chache. Ukipata vitamini C ya fosfeti, inayovumilia joto, soma kibandiko: kama nguvu yake ni asilimia 35, gramu 2 hizo ni karibu gramu 6 za unga wake.

Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia samaki kumeng'enya protini. Chemsha nusu saa au kaanga hadi inukie. Ukiiunguza, protini nayo inaharibika.

Sumukuvu ndiyo inayodanganya zaidi. Mahindi, mashudu ya karanga na ya pamba yakihifadhiwa yakiwa na unyevu, ukungu huota na kuacha sumu ambayo joto la kupikia haliimalizi. Samaki hafi siku hiyo. Ini linachoka taratibu, kinga inashuka, kisha bakteria waliokuwa majini siku zote wanammaliza, na lawama anapewa bakteria. Kausha nafaka hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13, panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Chakula chenye ukungu kitupwe; kukianika upya ni kukausha ukungu tu, sumu inabaki. Pumba za mpunga nunua kidogokidogo, kwa sababu mafuta yake huchacha upesi na kuila vitamini E iliyomo.

Halafu kipimo. Sato 1,000 wa gramu 100 wana uzito wa kilo 100. Kwa asilimia 3 ya uzito huo wanakula kilo 3 kwa siku, mara mbili au tatu. Vifaranga wanahitaji hadi asilimia 10 ya uzito wao, na protini ya asilimia 40 au zaidi. Wakubwa hutosheka na 28 hadi 30. Pima sampuli kila wiki mbili, urekebishe. Mabaki yanayozama huoza, amonia hupanda, na alfajiri oksijeni huisha.

Ukiona macho yametoka nje na samaki wanazunguka kama waliolewa, tena maji yamepita nyuzi 28, shuku bakteria aitwaye streptokoki. Hapo usiwashindilie chakula kizuri ili wapate nguvu. Simamisha ulishaji kwa siku kadhaa na ondoa mizoga kila asubuhi, kwa sababu bakteria huyu huingia pia kwa mdomo, na samaki wanaogombania chakula humeza maji mengi na kudonoana na wagonjwa.