Paji la uso la Kevo

Kwetu Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, vumbi la Januari likianza hakuna mtu hana mafua, kwa hivyo Kevo aliporudi kutoka bodingi na kichwa kinamuuma na makamasi mazito ya kijani hakuna aliyeshtuka. Alikuwa na miaka 15, kidato cha pili. Mama alimletea dawa za mafua, akamfukiza na majani ya mkaratusi, ikawa kama imepungua, halafu joto likarudi kwa nguvu na sasa kichwa kinauma mahali pamoja tu, juu ya jicho la kushoto, hata pazia hataki lifunguliwe, na chakula akila anatapika.

Kliniki ya mtaani wakampima malaria, hakuna. Wakampa dawa za malaria. Mimi hiyo kitu haijawahi kuniingia akilini hadi leo, unapima ya nini kama jibu hulitumii, lakini wacha niendelee.

Asubuhi moja akaamka paji la uso limefura. Si nundu ile ngumu ya kujigonga, hapana, ilikuwa laini kama andazi halijaiva ndani, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Mama akamuuliza kama alipigana shule, akakataa, jirani akasema huyo ni mdudu amemuuma. Tukakubaliana kesho yake tumpeleke hospitali kubwa.

Kesho haikufika. Usiku mkono wake wa kulia ulianza kurukaruka peke yake, halafu uso, halafu mwili mzima, mama anaita jina la Yesu, mtu mwingine anatafuta kijiko cha kumtia mdomoni (msifanye hivyo, tuliambiwa unamlaza kwa ubavu na kumwondolea vitu vya kumuumiza, basi). Jirani mwenye Probox ndiye alitukimbiza taun, Kevo amelala mapajani mwangu hanijui.

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa msichana tu, nadhani tulikuwa rika moja. Baba mdogo akafika na sauti yake ile ya harusini, anataka mtoto atolewe maji ya mgongo saa hiyo hiyo, maana mwenzake wa kazini alipata homa ya uti wa mgongo na ndivyo alivyofanyiwa.

"Daktari, si mtoe hayo maji tujue moja?"

"Mzee, nivumilie kidogo. Kama ndani ya kichwa kuna presha na mimi nitoboe mgongo, ubongo unaweza kusukumwa chini na tumpoteze papa hapa. Skani kwanza."

Baba mdogo alinyamaza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona hiyo.

Alidungwa dawa ya kung'arisha picha ndiyo akaingizwa kwa mashine. Daktari wa upasuaji akatuonyesha: nyuma ya paji la uso kuna kijumba cha hewa, hiyo ndiyo sainasi ya mbele, na inazidi kukua wakati wa kubalehe, ndio maana balaa hii inapenda vijana, hasa wavulana. Ya Kevo ilikuwa imejaa usaha. Kwa mbele ulikuwa umekula mfupa, ndio ule uvimbe laini tulioambiwa ni mdudu. Kwa nyuma ulikuwa umeshafika ndani na kutandaa juu ya ubongo, chini ya utando wake mgumu. Na wala haulazimiki kutoboa mfupa ndio upite, alisema mishipa ya damu ya hapo haina vali, damu inaweza kurudi nyuma na kubeba bakteria moja kwa moja. Baadaye nilisoma kwamba uvimbe huo laini wa paji ulielezwa na daktari mpasuaji wa Uingereza, Percivall Pott, karne ya 18, kabla hata ya eksirei. Mtu alishautambua kwa macho na vidole tu!

Walimfungua fuvu siku hiyo hiyo wakaosha usaha, na madaktari wa masikio na pua wakasafisha sainasi. Pesa sitaki hata kuongelea, grupu la familia la WhatsApp lilifanya kazi yake. Kisha zikaja wiki za sindano za mshipa za kuua bakteria, seftriaksoni na metronidazo, pamoja na dawa ya kuzuia degedege.

Alipoamka alikuwa anaelewa kila kitu lakini maneno hayatoki. Ananiangalia, anafungua mdomo, anakasirika, anafunga. Mkono wa kulia mzito. Daktari akasema upande wa kushoto wa ubongo ndio unashika vyote viwili, tumpe muda. Neno la kwanza lililoeleweka lilikuwa "chai", na mama alimletea kikombe analia mpaka nesi akamtoa nje.

Shule alirudi akiwa nyuma mwaka mmoja, mwandiko umeharibika lakini ni yeye, kelele zake zote. Na baba mdogo sasa mtu akikohoa tu kwa matanga anaisimulia hii hadithi, kijumba cha hewa, vali, presha, yote, na ukimsikia utaapa yeye ndiye aliyesema skani kwanza.