Gombe, nilikoenda kuangalia sokwe

Kibirizi, pale Kigoma, nilipanda boti la abiria, lile la kusimama kila kijiji, watu, magunia, ndoo za dagaa, injini inapiga kelele mpaka hamsikilizani, kushoto Kongo inaonekana kwa mbali kulia milima yetu. Gombe ni hifadhi ya taifa, haina barabara, unaingilia Ziwa Tanganyika tu.

Asubuhi tukapanda mlima na barakoa mkononi, tukiwakaribia sokwe ndo tunavaa maana mafua yetu yanawaua kabisa. Nilichoshangaa, mwongozaji hasemi sokwe yule, anataja jina, anataja mama yake, na jina la mtoto linaanzaga na herufi ya mama. Hayo kayaanzisha Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alivyokuja 1960, wasomi wa Cambridge wakamwambia wanyama wape namba, akagoma. Sokwe mmoja mama, Flo, alikufa 1972, mwanae Flint akaacha kula, akadhoofu, wiki kama tatu hivi na yeye akamfuata. Sasa niambieni, namba inafiwa na mama?

Tulimkuta mmoja kakaa chini ya mti anamchambua manyoya mtoto wake taratibu, kucha nyeusi zimepasuka, kidole kimoja kimepinda. Mtoto akaanza kuja upande wetu, mama hata hakugeuka, kamdaka mguu kamrudisha, vile vile kama mama muuza mboga anavyomvuta mtoto asiingie barabarani huku anahesabu chenji. Halafu akanitazama. Mara moja tu, akaendelea na kazi yake.

Nikakumbuka nyumbani, sisi watoto tulikuwa tunafukuza nyani shambani kwa mawe na mbwa. Mahindi yalikuwa yanaliwa kweli na njaa ni njaa, hilo sibishi. Ila kuna siku tulimpiga mmoja kabeba mtoto tumboni, akaanguka, akainuka anachechemea huku kamkumbatia, na sisi tukashangilia. Miaka yote hiyo sikuwahi kumfikiria, siku ile nimekaa kwenye majani nikamfikiria yeye, sio nyani kwa ujumla, yeye yule, nikajisikia vibaya sana.

Kurudi nikakaa na mama mmoja wa dagaa, akaniuliza, "Mwanangu, umewaona wangapi?" Nilikuwa nimehesabu, tisa, lakini nikajikuta namwambia nimemuona mama mmoja na mwanae.

Akasogeza ndoo yake nikae vizuri. "Wa kike au wa kiume?"