Sauti imerejea kwenye kompyuta yangu

Kwa siku mbili seva ya sauti ya PipeWire ilikataa kuwaka kwenye kompyuta yangu inayotumia mfumo wa Debian, nami nikaishuku bure kadi ya sauti. Amri ya dpkg -l, inayoorodhesha vifurushi vya programu vilivyosakinishwa, ndiyo iliyonifumbua macho: nilipolazimisha usakinishaji wa programu moja ya biti 32, kifurushi cha libspa-0.2-modules, chenye maktaba ambazo PipeWire huzipakia, kilibaki cha i386 (biti 32) peke yake, ilhali PipeWire yenyewe ilikuwa ya amd64 (biti 64), na mchakato wa biti 64 hauwezi kabisa kupakia maktaba ya biti 32. Nilisakinisha libspa-0.2-modules:amd64, nikihakikisha toleo lake linalingana na lile la i386 (vinginevyo viwili hivyo havikai pamoja), kisha nikawasha upya pipewire na msimamizi wake, wireplumber. Nimefarijika mno kusikia sauti tena.