Msaragambo wa Strand Hill

Jumapili usiku, wiki ya mwisho ya Septemba.

Nimekaa jikoni na kikombe cha chai ya tangawizi. Miguu imechoka hadi kwenye nyonga, goti la kulia limevimba kidogo, na usingizi hauji. Jana tulifanya mbio za baiskeli za mji wetu. Leo kutwa mvua imenyesha, mvua ya baridi ambayo huko juu kwenye vilele inageuka theluji. Kesho naingia zamu ya asubuhi hotelini, kwa hiyo naandika sasa, mambo yakiwa bado ya moto.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: naishi Crested Butte, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, mita kama 2,700 juu ya usawa wa bahari. Zamani ulikuwa mji wa makaa ya mawe. Mgodi mkubwa ulifungwa 1952, wakabaki watu wachache na nyumba zao za mbao. Siku hizi wageni huja wakati wa theluji na wakati wa joto. Hapo katikati, Septemba na Oktoba, hoteli hupungukiwa na wageni, sisi wa usafi wa vyumba tunapunguziwa saa, na mshahara unapungua. Hata hivyo sijaona mwenyeji asiyeyapenda majira haya kuliko yote.

Kiswahili chake ni majira ya mapukutiko. Wapo wanaoyaita vuli, na neno hilo kila nikilisikia moyo unarudi kwetu Lushoto, ambako vuli ni mvua, ni jembe, ni udongo mwekundu unaoganda kwenye kisigino. Huku siku za Septemba mara nyingi ni kavu, anga ni buluu tupu, asubuhi nyasi zina jalidi nyeupe, na miti ya aspeni inageuka manjano. Kikonyo cha jani la aspeni ni bapa, kwa hiyo upepo mdogo tu unalitetemesha, na msitu mzima unapiga sauti kama ya mvua ya mbali. Miti mingi inachipua kutoka kwenye mzizi mmoja. Ukitazama mlima kwa makini utaona kipande kimoja kimeiva chote kwa pamoja, na jirani yake bado ni kijani kibichi: hizo ni koo mbili tofauti, kila moja na siku yake.

Mimi baiskeli niliijulia kwetu. Kaka yangu alikuwa na Phoenix nyeusi, akishusha nayo kabichi na karoti kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, barabara ya kona baada ya kona kwa zaidi ya kilomita 30. Breki za mpira zilikwisha zamani. Alikuwa akikanyaga tairi la nyuma kwa soli ya kandambili, na jioni akirudi soli ile ilikuwa imelika mpaka unaona mwanga upande wa pili. Mimi nikiiba baiskeli yake mchana, nikipitisha mguu ndani ya fremu kwa kuwa tandiko lilinishinda urefu. Mama aliniambia baiskeli si ya mtoto wa kike. Nilimsikiliza, nikaacha, na sikupanda tena kwa miaka karibu ishirini.

Ndiyo maana nilipohamia hapa na kusimuliwa historia ya mji huu, ilinigusa. Septemba 1976 kundi la watu wa Crested Butte lilivuka Pearl Pass, njia ya mawe inayofika zaidi ya mita 3,800, likaenda hadi mji wa Aspen kwa baiskeli kuukuu za gia moja. Waendesha pikipiki wa Aspen walikuwa wamekuja kwa njia hiyo wakijisifu, basi wenyeji wakasema na sisi tutaenda kwenu, tena bila injini. Safari ilichukua siku mbili. Mwezi uliofuata, kule California katika wilaya ya Marin, vijana wengine walianza kushindana kushuka mlima mmoja kwa baiskeli za namna hiyo hiyo, zile za kufunga breki kwa kurudisha pedali nyuma. Breki ilikuwa ikipata moto hadi grisi ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, inaungua na kutoa moshi, ikabidi wafungue na kujaza nyingine. Mbio zile wakaziita Repack, yaani jaza upya. Mwaka 1978 watu wa Marin, akiwemo Gary Fisher, Charlie Kelly na Joe Breeze, walikuja hapa kuvuka Pearl Pass pamoja na wenyeji. Wanaosimulia hadithi ya baiskeli za mlimani hutaja majina hayo. Mimi nikiisikia ile harufu ya grisi inayoungua nauona mguu wa kaka yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae na kalamu.

Jirani yangu ni bibi mmoja aliyepita miaka 70. Desturi ya huku ni kumwita mtu jina lake tupu, na yeye mwenyewe ameniomba nifanye hivyo. Nimeshindwa. Namwita Bibi, na nilipomweleza maana yake alinishika mkono akasema basi iwe hivyo. Majira ya joto ya mwaka jana aligonga mlango Jumamosi moja alfajiri, amebeba sururu mbili. Kuna chama cha waendesha baiskeli cha mji huu, Crested Butte Mountain Bike Association, kilichoanza 1983, ambacho kazi yake kubwa ni kutunza njia. Watu hukutana, wanagawana zana, wanapanda mlima kuchimba. Hakuna malipo. Njia ni za wote.

Nilicheka kwa furaha. Nikamwambia, Bibi, sisi kwetu tuna jina la jambo hili: msaragambo. Baragumu ikilia, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kuchimba mfereji au kutengeneza barabara. Alinitaka nilitamke mara tatu, akalishika. Sasa wote kwenye kundi letu wanasema msaragambo, kwa lafudhi zao.

Kazi yenyewe naijua kwa damu. Adui wa njia ya baiskeli ni maji. Yakipata mfuo wa tairi yanaufanya mto, msimu mmoja tu udongo umekwenda na mawe yamebaki. Kwa hiyo unakata mdomo wa kutolea maji, nao lazima ulale mshazari. Ukiukata moja kwa moja kuvuka njia, maji yanaruka juu yake na kuendelea. Ukiufanya mwembamba, mchanga unaujaza kwa mvua mbili. Upande wa chini unauchonga mpana na laini, ili baiskeli ipite bila kugonga na maji yatoke yenyewe. Ni elimu ile ile ya makinga maji ya Usambara. Babu alitusimulia jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha Wasambaa kuchimba matuta mashambani, na jinsi watu walivyogoma miaka ya 1950 hadi mpango ukaachwa. Babu huyo huyo alikuwa wa kwanza kutokea baragumu ya kijiji ikilia. Nilikuwa sijamwelewa hadi niliposhika sururu kwenye mlima wa watu wengine, kwa hiari yangu, nikaona mikono inafanya kazi hii bila kinyongo.

Mwaka huu mwezi Agosti nilipewa kona moja ya Strand Hill, kilima chenye njia ya baiskeli karibu na mji wetu, chini kidogo ya pale msitu wa aspeni unapoanza. Mdomo ule niliuchimba peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaushindilia kwa mguu, nikamwaga chupa ya maji kuujaribu.

Mbio za jana zilipita hapo hapo. Ni mbio ndogo, hazina jina kubwa: kiingilio dola chache zinazokwenda kwenye zana na njia, namba ya kufunga kwa waya kwenye usukani, mizunguko miwili. Tulikuwa 68. Walikuwepo watoto wa sekondari walio kwenye ligi ya shule za Colorado, ambayo hushindana majira haya na haimwachi mtoto benchini, kila anayetaka anashindana. Walikuwepo mafundi seremala, walimu, mpishi wa hotelini kwetu. Wengi tulivaa kitu cha rangi ya chungwa, maana ni msimu wa uwindaji.

Mzunguko wa kwanza nilipanda kwa gia nyepesi kabisa nikihesabu pumzi. Kimo hiki, kila pumzi inakupa kama robo tatu tu ya unachopata ukiwa Tanga mjini. Miaka miwili nimeishi hapa na bado mlima unanikumbusha. Lakini udongo! Mvua ya katikati ya wiki iliulainisha, jua likaukausha juu, ukawa kama unga uliokandwa vizuri: tairi linaukamata na haliachi. Wenyeji husubiri udongo huu mwaka mzima. Unaingia kona ukiwa umelala na baiskeli, majani ya manjano yanakuruka usoni, na hakuna kinachoteleza.

Mzunguko wa pili ndipo nilipoanguka. Majani yaliyopukutika yalifunika mzizi uliokuwa umelowa, gurudumu la mbele likatoka upande, nikashukia goti. Nilipoinuka usukani ulikuwa umepinda, unatazama kushoto na gurudumu linatazama mbele. Nikasikia kengele ya ng'ombe. Bibi alikuwa kwenye kona ile kama msimamizi, akiipigia kila anayepita. Hakuniuliza kitu. Alilibana gurudumu katikati ya magoti yake, akashika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha mara moja tu, akafumba jicho moja kuona kama umenyooka. Kisha akanitazama goti, akasema, "Linatoka damu, lakini linakunja. Nenda." Nikaenda. Waliokuwa nyuma yangu walikuwa wamesimama kungoja njia ifunguke, na hakuna aliyenipita mpaka nilipokwishapanda.

Nilimaliza wa 51. Washindi walikuwa wamefika zamani, wamekwishavaa makoti, na hakuna aliyekuwa ameondoka. Tulisimama wote kwenye nyasi tukingoja. Wa mwisho alikuwa binti wa miaka kama 12 ambaye mnyororo wake ulikatika. Alikuja akikimbia, baiskeli ameishika kwa tandiko na usukani, uso umejaa vumbi na machozi. Kengele zililia zote. Mvulana aliyeshinda mbio ndiye aliyempokea baiskeli, akageuza chini juu, akaanza kuutengeneza mnyororo.

Nilimpigia mama saa tatu usiku, kule ikiwa saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshika nafasi ya ngapi?"

"Ya 51."

"Mlikuwa wangapi?"

"68."

Akanyamaza kidogo. "Hukuumia?"

"Goti tu, mama. Limefungwa."

"Na waliotangulia, walikungoja?"

"Walitungoja wote. Hadi mtoto wa mwisho."

"Basi uko na watu," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi bila kutaja kosa: "Kaka yako anasema umtumie picha ya hiyo baiskeli. Na mimi nitaitazama."

Nimetuma tatu.

Leo alasiri mvua ilipozidi nilivaa koti na viatu vya mpira, nikapanda Strand Hill kwa miguu. Kukiwa na tope baiskeli haipandishwi: tairi likianza kubeba udongo unageuza, ndiyo sheria ya hapa, kwa sababu mfuo wa siku moja unadumu hadi theluji. Aspeni zilikuwa zimevuliwa nusu ya majani, njia imefunikwa manjano mtindo mmoja. Nilifika kwenye kona yangu nikachuchumaa. Maji yalikuwa yanashuka kwenye njia, kijito chembamba cha rangi ya chai, kimebeba majani kama mitumbwi. Yakafika kwenye mdomo nilioukata, yakasita, yakazunguka mara moja, halafu yakageuka kushoto na kutoka, jani moja baada ya jingine, yakiingia msituni.